Kushuka Juu ya Mwezi Mdogo: Historia ya Kazi Inayotaka Saburi



Mwaka uliopita, nilipokuwa nikifundisha sheria za mwendo wa vitu, mseminari mmoja alisimama akaniuliza: «Padri, umetuambia ya kuwa juu ya mwezi mdogo kila kitu kinakuwa chepesi sana. Kwa nini basi mafundi wanasema ni vigumu kutua pale? Chombo kingeshuka polepole sawa na jani la mti, kisha kazi imekwisha.» Wenzake walicheka. Lakini swali lilikuwa la haki, nami sikuweza kulijibu vema siku ile. Nilibaki na deni.

Leo nataka kulipa deni hilo kwa njia ya historia. Kwa maana hesabu peke yake inaonyesha kwamba jambo ni gumu, bali historia inaonyesha namna gani watu walijifunza ugumu ule, mara nyingi kwa kupoteza kazi ya miaka mingi. Nasi tutaona mwishoni ya kuwa fundisho lao kubwa ni moja: anayepanga kushuka, yapasa apange kwanza namna ya kupanda tena.

I. Miezi miwili ya Mars

Sayari ya Mars, ambayo watu wa pwani wanaiita Mirihi, ina miezi miwili. Aliyeiona mara ya kwanza ni Asaph Hall, Mmarekani, aliyekuwa akiangalia nyota kule Washington katika mwezi wa 8 wa mwaka 1877. Alikwisha kutafuta siku nyingi bila kuona kitu, akataka kuacha. Mke wake, Angeline Stickney, ndiye aliyemshurutisha kurudi kwenye darubini. Katika majuma yale akaona Deimos, kisha Phobos. Wanaojifunza Kigiriki wanayafahamu majina haya: Phobos ni woga, Deimos ni kitisho. Leo shimo kubwa kupita yote juu ya Phobos, lenye upana wa kilometri 9 hivi, linaitwa Stickney, kwa ukumbusho wa mama yule asiyekubali kazi iachwe katikati.

Phobos si mviringo kama mwezi wetu. Umbo lake ni kama kiazi: urefu kilometri 27, upana 22, na unene 18. Inaizunguka Mars kwa saa 7 na dakika 39, nayo iko karibu sana, yapata kilometri 6,000 tu juu ya uso wa sayari. Hakuna mwezi mwingine unaojulikana ulio karibu na sayari yake namna hiyo. Kila mwaka inasogea chini karibu santimetri 2, na katika miaka milioni 50 hivi itavunjika au itaanguka.

Imetoka wapi? Wengine wanasema ni jiwe la anga lililokamatwa na Mars lilipokuwa likipita. Wengine wanasema ni mabaki ya pigo kubwa, jiwe fulani lilipoigonga Mars zamani sana na kurusha vipande juu. Picha peke yake haziwezi kukata shauri hili. Sharti mtu apate udongo wake mkononi. Ndiyo sababu watu wanataka kutua.

II. Chepesi si rahisi

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi. Juu ya Phobos, nguvu inayovuta vitu chini ni ndogo kupita ya dunia yetu karibu mara 1,700. Mtu wa kilo 60 akisimama pale juu ya mizani, mizani itaonyesha gramu 35 hivi. Akiachia jiwe kutoka kimo cha metri moja na nusu, hapa kwetu litafika chini katika nusu ya sekunde. Kule litachukua sekunde 23. Mpaka hapa mwanafunzi wangu ana haki: ni sawa na jani la mti.

Lakini fikiri tena. Chombo kikigusa chini, kinaruka, kama vile mpira unavyoruka. Tuseme kimeruka kwa mbio ya nusu metri tu kwa sekunde, polepole kupita mwendo wa mtoto. Juu ya dunia kingepanda santimetri moja au mbili. Juu ya Phobos kitapanda metri 22, kitakaa angani karibu dakika 3, na mahali kitakapoanguka tena hapajulikani: labda juu ya jiwe kali, labda ndani ya shimo lisilo na jua. Tena kijana mwenye nguvu akitupa jiwe kwa bidii, jiwe lile halitarudi kabisa, maana mbio ya metri 11 kwa sekunde yatosha kuiaga Phobos. Basi shida ya kwanza si kuanguka kwa nguvu. Shida ni kubaki pale ulipofika.

Shida ya pili ni njia. Tukitaka kushuka juu ya mwezi wetu wa usiku, kwanza tunauzunguka, kisha tunateremka. Phobos haizungukwi hivyo. Uzito wake ni mdogo mno na Mars iko karibu mno. Chombo kinachojaribu kuizunguka kwa njia ya kawaida kitanyang'anywa na Mars. Wenye hesabu walipata njia nyingine. Chombo kinaizunguka Mars yenyewe, kando ya Phobos, juu ya njia inayofanana na yake lakini iliyorefushwa kidogo. Kikikaribia Mars kinakwenda mbio na kupita mbele. Kikienda mbali kinapunguza mwendo na kubaki nyuma. Mtu aliyesimama juu ya Phobos angeona chombo kinamzunguka, kumbe wote wawili wanaizunguka Mars. Ni kama watu wawili wa baisikeli katika njia moja, mmoja akimpita mwenzake kwa kuume, kisha akiachwa na kupitwa kwa kushoto.

Shida ya tatu ni neno linalochelewa. Mawimbi ya radio yanakwenda mbio kama nuru, lakini kati ya dunia na Mars yanachukua tangu dakika 3 hadi dakika 22, kwa kadiri sayari hizi mbili zinavyokaribiana au kutengana. Chombo kikiuliza: «Mbele yangu kuna jiwe, nifanye nini?» jibu litafika labda nyuma ya nusu saa, jiwe likiwa limekwisha kukivunja. Kwa hiyo mwenye kuamua saa ile si bwana mkubwa aliye duniani. Ni chombo chenyewe, kwa maagizo kilichopewa mbele. Wanaopanga safari sharti waone kwa akili kila jambo linaloweza kutokea, na kuandika kwa kila jambo jibu lake.

III. Herufi moja

Wa kwanza kujaribu Phobos walikuwa Warusi, katika siku za Umoja wa Kisovieti. Mwezi wa 7 wa mwaka 1988 walirusha vyombo viwili, tarehe 7 na tarehe 12, Phobos 1 na Phobos 2. Mpango wao ulikuwa wa ujasiri. Chombo kikubwa hakingetua. Kingeteremka mpaka metri 50 hivi juu ya mwezi ule, kipite polepole, na kuachia mitambo miwili midogo. Mmoja ungejifunga katika udongo kwa chusa, ili usiruke tena. Wa pili ungeruka kwa makusudi, mara hapa mara pale, ukipima udongo kila unaposimama. Tazama akili yao: kwa kuwa kuruka hakuzuiliki kwa urahisi, walikufanya kuwa namna ya kutembea.

Phobos 1 haikufika hata Mars. Mwishoni mwa mwezi wa 8 ilitumiwa maagizo yenye kosa dogo, kosa la herufi moja tu. Maagizo yale yalizima vimoteri vya kukiweka chombo kikielekea jua. Mabamba yake ya kupokea nguvu ya jua yakageuka upande, batri zikaisha, na tangu tarehe 2 ya mwezi wa 9 hakuna aliyekisikia tena. Kosa kweli lilifanywa na mtu. Lakini tuseme haki: mpango unaoruhusu herufi moja kuua chombo ni mpango wenye kosa kubwa kupita herufi ile.

Phobos 2 ilifika. Tarehe 29 ya mwezi wa 1 wa mwaka 1989 ilianza kuizunguka Mars. Ilipiga picha nzuri za Phobos, ikaikaribia hatua kwa hatua, na mitambo miwili ilikuwa tayari kushuka. Lakini tarehe 27 ya mwezi wa 3, karibu kabisa na siku ya kushuka, chombo kiligeuka kupiga picha, kisha hakikurudi kusema na dunia vema. Wenye kuchunguza waliona kosa katika kompyuta yake. Mitambo ile miwili haikuachiliwa kamwe.

Warusi walingoja zaidi ya miaka 20. Mwezi wa 11 wa mwaka 2011 walirusha Fobos-Grunt, iliyopaswa kutua na kuleta udongo wa gramu 200 hivi. Moteri zake hazikuwaka kuitoa katika njia ya kuzunguka dunia. Tarehe 15 ya mwezi wa 1 wa mwaka 2012 ilianguka katika bahari ya Pasifiki. Mpango wake wote wa kushuka ulibaki karatasini, bila kujaribiwa.

IV. Chombo kisicho na miguu

Wakati ule wengine walikuwa wakijifunza kazi hiyo pahali pengine, si juu ya miezi, bali juu ya visayari, yaani mawe makubwa yanayolizunguka jua. Kwa mafundi ni shule ile ile: umbo la kiazi, nguvu ndogo ya kuvuta, neno linalochelewa.

Wamarekani walirusha chombo NEAR Shoemaker mwaka 1996, kukichunguza kisayari Eros, chenye urefu wa kilometri 34 hivi, karibu kadiri ya Phobos. Mwezi wa 12 wa mwaka 1998, moteri ilipowashwa ili kukiweka njiani, chombo kilizima moteri yenyewe, kikapinduka-pinduka, na kwa muda wa saa 27 hapakuwa na habari zake. Lakini maagizo yake ya hatari yalikiokoa: kikapata jua tena, kikaita nyumbani. Safari ilichelewa zaidi ya mwaka mmoja, nacho kilianza kuizunguka Eros tarehe 14 ya mwezi wa 2 wa mwaka 2000.

Nyuma ya mwaka mzima wa kazi, mafuta yakikaribia kuisha, wakuu wa safari wakaamua kukishusha. Chombo kile hakikutengenezwa kwa kutua. Hakikuwa hata na miguu. Tarehe 12 ya mwezi wa 2 wa mwaka 2001 moteri ziliwashwa mara tano, kila mara kupunguza mbio. Kilipiga picha mpaka urefu wa metri 120 hivi, kisha kikagusa udongo polepole kama mtu anayetembea. Nacho kiliendelea kusema na dunia mpaka tarehe 28. Ilikuwa mara ya kwanza chombo cha mtu kutua juu ya kisayari.

Kwa nini waliweza, bila miguu? Kwa sababu mwaka mzima walikuwa wameizunguka Eros, wakipima umbo lake na mvuto wake kila upande. Siku ya kushuka hawakuwa wageni pale. Fundisho la kwanza ndilo hili: fahamu mwenyeji wako mbele ya kuingia nyumbani mwake.

V. Agizo lililofika likiwa limechelewa

Wajapani walikuwa na mali kidogo kupita Wamarekani, lakini walitaka jambo kubwa zaidi: kutua, kuchukua udongo, na kurudi. Hayabusa yao iliondoka mwezi wa 5 wa mwaka 2003, ikafika mwezi wa 9 wa mwaka 2005 kwenye Itokawa, kisayari cha urefu wa metri 500 na kidogo. Kilikuwa na magurudumu matatu ya ndani ya kukishika kisigeuke-geuke, mawili yaliharibika. Basi walishuka na chombo kilichokuwa kama mgonjwa.

Tarehe 12 ya mwezi wa 11 walitaka kuachia kitambo kidogo cha kuruka-ruka, jina lake MINERVA. Kutoka dunia hadi pale neno lilichukua zaidi ya dakika 15. Agizo la kuachia lilitumwa wakati chombo kilipokuwa karibu na uso. Lakini mbele ya agizo kufika, chombo kilikuwa kimeanza chenyewe kupanda, kama kilivyoagizwa kujilinda. Agizo likafika, likatiiwa, na MINERVA ikatupwa juu, ikapotea angani. Hakuna aliyeasi. Duniani walifanya wajibu wao, chombo kilifanya wajibu wake, na mtambo ulipotea kwa sababu wajumbe wawili hawakukutana njiani.

Tarehe 20 chombo kilishuka tena. Kiliachia mpira wa alama, wenye kurudisha mwanga, ambao ndani yake yaliandikwa majina ya watu 880,000 wa inchi nyingi. Chombo kiliona kizuizi, kikataka kukata safari ya kushuka. Lakini hakikuwa kimesimama vema kwa kuwasha moteri, basi kikaendelea chini, kikaruka, kikakaa juu ya Itokawa karibu nusu saa, na watu wa duniani wasijue kiko wapi. Nyuma ya siku chache kilishuka tena. Risasi ndogo iliyopaswa kupigwa ili kuinua vumbi haikupigwa kwa sababu ya kosa katika orodha ya maagizo. Kisha mafuta yalivuja, na kwa majuma mengi chombo hakikusikika.

Lakini hawakukufa moyo. Mwaka 2010, tarehe 13 ya mwezi wa 6, nyuma ya kuchelewa miaka 3, kifuko chake kilianguka Australia, na ndani yake walikuta chembe zaidi ya 1,500 za Itokawa, ndogo kama vumbi la unga.

VI. Mlango wa kurudi nyuma

Watu wa Ulaya walichagua njia nyingine. Chombo chao Rosetta, kilichoondoka mwaka 2004, kilifuata nyota yenye mkia, na tarehe 12 ya mwezi wa 11 wa mwaka 2014 kiliachia kitambo Philae kutoka urefu wa kilometri 22 hivi. Kwa saa 7 Philae ilianguka bila moteri ya kuiongoza. Ikishaachiliwa, hakuna aliyeweza kuirudisha. Iligusa chini kwa mbio ya metri moja kwa sekunde, pahali pale pale palipopangwa. Lakini vyusa viwili vya kujifunga havikupigwa, na kimoteri cha kuikandamiza chini hakikufanya kazi. Ikaruka, ikakaa angani karibu saa mbili, ikaanguka, ikaruka mara ya pili, na mwisho ikasimama chini ya ukuta wa mawe, kivulini. Ilifanya kazi siku mbili na zaidi, kwa batri zake, kisha ikalala. Picha iliyoonyesha pahali ilipokwama ilipatikana mwezi wa 9 wa mwaka 2016 tu.

Philae ilitupa elimu nyingi, na heshima yake ni kubwa. Lakini kulinganisha ni haki. Yenyewe ilikuwa na mlango wa kuingia tu. Waliofuata walijenga milango miwili.

Hayabusa2 ya Wajapani ilifika kwenye Ryugu mwezi wa 6 wa mwaka 2018. Walikuwa wamepanga kutafuta uwanja laini wa upana wa metri 100. Picha zilionyesha mawe kila pahali. Hapakuwa na uwanja wa namna hiyo. Tarehe 12 ya mwezi wa 9 walifanya zoezi la kushuka. Kwenye urefu wa metri 600, mwanga wa leza wa kupima kimo haukurudi vema, kwa maana udongo wa Ryugu ni mweusi sana. Chombo kikaamua chenyewe kurudi juu. Magazeti yangeweza kuandika: wameshindwa. Lakini ndiyo siku mpango ulipoonyesha uzuri wake. Chombo kilijiona kipofu, kikakataa kuendelea, kikarudi salama, na mafundi wakarekebisha kipimo.

Kisha wakafanya jambo gumu zaidi kwa watu wenye haraka: wakaahirisha. Kutua kulikopangwa mwezi wa 10 kukasogezwa miezi minne. Walitupa mpira wa alama, wakapima ulikoangukia, wakatengeneza ramani ya mawe moja moja, wakafundisha kompyuta kushuka kwa kuutazama mpira ule. Tarehe 22 ya mwezi wa 2 wa mwaka 2019 chombo kilishuka ndani ya duara la upana wa metri 6, kikakosea metri moja tu. Kiligusa, kikapiga risasi yake, kikapanda mara. Mwezi wa 7 kiligusa tena pahali pengine. Udongo uliofika duniani mwezi wa 12 wa mwaka 2020 ulikuwa gramu 5 na zaidi.

Wamarekani nao, kwa chombo OSIRIS-REx, walikuta mawe yale yale juu ya Bennu. Walitaka uwanja wa metri 50, wakapata wa metri 16. Basi walikipa chombo ramani ya hatari ndani ya kumbukumbu yake. Kikishuka, kitalinganisha picha inazoziona macho yake na ramani ile. Kikiona kwamba kinaelekea pahali pabaya, kirudi juu bila kuuliza mtu. Tarehe 20 ya mwezi wa 10 wa mwaka 2020 kiliona njia ni njema, kikagusa kwa mbio ya santimetri 10 kwa sekunde. Ndipo jambo lisilotazamiwa likatokea: udongo haukukizuia. Mkono wake ulizama karibu nusu metri, kama mtu anayekanyaga lundo la makapi. Kilichokiokoa ni agizo lililoandikwa zamani: nyuma ya sekunde chache, washa moteri, panda. Walioliandika hawakujua Bennu ni laini namna ile. Walijua tu kwamba hawajui, wakajiwekea akiba. Mwaka 2023 udongo wake ulifika: gramu 121.

VII. Kurudi kwenye Phobos

Sasa Wajapani wanaitazama Phobos. Safari yao inaitwa MMX. Ilipangiwa kuondoka mwaka 2024. Lakini roketi mpya iliyopaswa kuibeba ilishindwa katika safari yake ya kwanza, mwezi wa 3 wa mwaka 2023, na kuondoka kukaahirishwa hadi mwaka 2026.

Ukiusoma mpango wake, unaona ndani yake historia yote tuliyosimulia. Chombo hakitakimbilia chini. Kitakaa kwanza muda mrefu kando ya Phobos, katika ile njia ya watu wawili wa baisikeli, kikipima umbo na mvuto, kama NEAR ilivyofanya kule Eros. Mbele ya chombo kikubwa kutua, kitatupwa kigari kidogo cha kilo 25 hivi, kilichotengenezwa na Wafaransa na Wajerumani, kutoka urefu usiofika metri 100, kijaribu udongo kama ni mgumu au laini: ni fundisho la Bennu. Kigari kile kimetengenezwa kikijua kwamba kitaruka na kubingirika, nacho kitajiinua chenyewe: ni fundisho la Philae. Chombo kikubwa kitatua kwa miguu, kitachimba udongo wa gramu 10 na zaidi, tena kitabaki saa chache tu, maana siku ya Phobos, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa, haifiki saa 4. Kisha kitapanda.

Kitafaulu? Hakuna anayeweza kuapa. Wako watu waliokuwa vijana Phobos 2 iliponyamaza, na leo wana mvi. Wengine walitoa miaka yao yote bora kwa chombo kimoja kilichoanguka baharini. Hatari ya kazi hii si damu, lakini ni maisha ya watu.

Kumaliza

Basi, mwanafunzi wangu, jibu lako ni hili. Jani la mti linashuka polepole, ni kweli. Lakini jani haliulizwi pahali litakapoangukia, wala halitazamiwi kurudi mtini. Chombo kinaulizwa yote mawili, na kinaulizwa pahali ambapo hakuna wa kukishika mkono.

Yako makosa mawili ambayo historia hii inatuonyesha. Kosa la kwanza ni kuagiza kana kwamba mwenye kuagiza yuko pale. Ndilo lililopoteza MINERVA. Kosa la pili ni kupanga kana kwamba kila kitu kitakuwa kama tulivyodhani; ndilo lililomwacha Philae bila njia ya pili. Waliofaulu walifanya kazi kwa namna nyingine. Walikaa kwanza wakitazama. Walifanya zoezi, na zoezi liliposhindwa hawakuona haya. Walimpa aliyetumwa maarifa ya kutosha, kisha wakampa na ruhusa ya kusema: leo si siku, narudi.

Ruhusa hiyo ndiyo ngumu kupita zote kuitoa. Mkuu anaogopa kwamba akimruhusu mtumwa wake kurudi, kazi haitafanyika kamwe. Lakini Hayabusa2, iliyorudi juu kutoka metri 600, ndiyo iliyogusa Ryugu mara mbili. Na mama Angeline, alipomrudisha mume wake kwenye darubini, hakumkemea kwa usiku ule aliokuwa ameacha kutafuta. Alimwambia tu ajaribu tena. Sisi tunaotuma wengine mbali, makatekista katika vijiji vya msituni na mapadri vijana katika misioni za mbali, pahali ambapo barua yetu inafika jambo likiwa limekwisha kupita, tujiulize kama tumewapa maarifa hayo, na kama tumewapa ruhusa hiyo.